Balbu ya Vifaranga

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, mwezi wa sita, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba yangu hapa Chamwino ikiwa imebeba watu wawili na spika. Dakika naijua kwa sababu nilitazama saa ya ukutani kabla ya kufungua mlango. Tabia hiyo niliitoa ghalani Kibaigwa, nilikokuwa karani wa kupima mahindi kwa miaka kumi na moja. Kabla gunia halijagusa mizani, karani anaandika saa.

Aliyeshuka nyuma ya dereva alikuwa katibu wa kikundi chetu cha kuzikana, mwalimu mstaafu mwenye koti refu kuliko yeye.

"Mbukwa, fundi," akanisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, Mwalimu. Mmeamkaje huko msibani?"

"Misiba imekuwa miwili." Akaipiga spika kofi begani kama anayempongeza mtu. "Bibi yetu tumemsamehe, ana miaka themanini na kitu, kachoka. Huyu ana miaka mitatu tu na kafa jana jioni bila hata kuugua."

"Ameugua," dereva akadakia. "Kila mazishi alikuwa anakohoa, nyie mnasema ni upepo."

"Wewe endesha pikipiki."

"Nimeendesha, nimefika. Sasa naongea."

Tukaiingiza ndani. Ilikuwa spika kubwa ya plastiki nyeusi yenye amplifaya ndani yake, ya kuchomeka kwenye umeme na kuongea, bila mashine nyingine pembeni. Kikundi kiliinunua kwa michango ya kaya sitini. Mazishi yalikuwa saa nane mchana. Katika mazishi yaliyotangulia ilikatika katikati ya wasifu wa marehemu, upepo ukachukua maneno yaliyobaki, na waliokaa nyuma wakaanza kuzungumza bei ya alizeti. Mtoto mkubwa wa marehemu yule hajatusamehe mpaka leo. Katibu hakuhitaji kunikumbusha.

"Saa sita niipate," akasema. "Ikishindikana niambie mapema, nikope koo la mchungaji."

Hakutaja malipo, na mimi sikuuliza. Kwa desturi ya kikundi chetu, kwenye msiba mwenye kuni hutoa kuni, mwenye mkokoteni hutoa mkokoteni, na fundi hutoa ufundi. Hakuna bili.

Mke wangu hakuwapo. Alikuwa amelala msibani pamoja na wanawake wengine kwa usiku wa pili, akipika. Alikuwa ameniachia vifaranga.

Hapa inabidi nieleze vifaranga hao walitoka wapi. Mke wangu alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na mbili. Mwaka jana macho yake yalianza kukataa kutunga uzi, na miwani tuliyonunua ilisaidia miezi michache tu. Mwezi wa tano akauza cherehani yake, kitu pekee kilichokuwa chake tangu kabla hajanijua, akanunua vifaranga mia moja wa kuku chotara, wa siku moja, chakula chao, chanjo, na balbu mbili za zamani, zile zenye uzi ndani, za wati mia. Balbu hizo alizitafuta siku nzima. Madukani hapa kwetu siku hizi zimejaa balbu nyeupe za kubana umeme, ambazo zinamulika vizuri na hazitoi joto. Alizipata Kibaigwa, kwa muuza misumari mmoja, chini kabisa ya rafu. Moja iliungua siku ya pili. Iliyobaki ilining'inia juu ya vifaranga kwenye chumba cha nje, ndani ya duara la maboksi yaliyotandikwa maranda. Wanne walikufa siku za mwanzo, kama wanavyokufa vifaranga. Asubuhi ile walikuwa tisini na sita, wenye umri wa siku sita.

Jioni aliyoondoka kwenda msibani, alisimama mlangoni na sufuria yake kichwani.

"Baba watoto, maji wape ya uvuguvugu. Ukiwakuta wametawanyika, wako sawa. Ukiwakuta wamerundikana, wana baridi. Na hiyo balbu nimeihesabu."

"Unahesabu balbu moja?"

"Moja. Ndiyo maana usije ukaniambia ulikosea hesabu."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Balbu ya namna ile ndiyo chombo changu kikuu cha kupimia. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua redio zilizokufa, kwa vitabu vilivyochakaa nilivyonunua mnadani, na baadaye kwa simu. Mahali pote nilipojifunza nilikuta onyo moja: usirudishe umeme moja kwa moja kwenye amplifaya uliyoitengeneza. Unauingiza kwanza kupitia balbu ya uzi. Kama ndani bado kuna kosa, umeme mwingi unataka kupita, balbu inawaka kwa nguvu na kuuzuia, na vipuri vyako vinapona. Kama ndani hakuna kosa, balbu inamulika mara moja, kisha inafifia mpaka kubaki wekundu kidogo kwenye uzi. Balbu yangu ya kazi ilikuwa imeanguka na kupasuka wiki mbili kabla. Nilikuwa nasema nitatafuta nyingine.

Nilifungua spika. Harufu ilikuwa ya vanishi iliyoungua. Fyuzi ilikuwa haijakatika, na hilo likanitia shaka. Nikaitoa. Mtu alikuwa ameizungushia nyuzi tatu za waya wa shaba, kwa hiyo haikuwa fyuzi tena, ilikuwa daraja. Transista nne za kutoa sauti zilikuwa zimefungwa juu ya bati la kupozea. Nikazipima kwa mita bila kuzing'oa. Mbili zilikuwa zimeungana ndani kabisa, umeme unaingia na kutoka utakako. Vipingamizi viwili vidogo vinavyozifuata vilikuwa vimekatika.

Kabla ya kubadili chochote, nilitaka kujua kama transfoma na sehemu ya kuandaa umeme zilikuwa nzima. Kwa hilo nilihitaji balbu.

Saa kumi na mbili na robo niliingia chumba cha nje. Nje kulikuwa na upepo wa mashariki, ule wa Juni unaopita chini ya milango. Sikuwa mzembe. Naandika hili kwa sababu ni kweli, wala silitumii kujitetea. Nilichemsha maji nikajaza dumu la lita tano, nikalifunga kwa khanga mbili, nikaliweka katikati ya duara. Niliweka balbu nyeupe kwenye soketi ili wasiingiwe na hofu ya giza. Nikakadiria kwamba dumu lingetunza joto kwa saa moja na nusu, na kwamba mimi ningehitaji dakika ishirini. Kisha nikaichukua balbu. Ilikuwa ya moto, nikaibeba kwa kitambaa.

Transfoma ilikuwa nzima. Dakika ishirini zilikuwa zimetimia. Ilikuwa wakati wa kuirudisha balbu, lakini nikajihesabia hivi: kubadili vipuri kutachukua dakika arobaini, kisha nitaihitaji tena. Kila nikifungua mlango ule naingiza upepo. Ni afadhali mlango mmoja kuliko milango mitatu. Balbu ikabaki mezani kwangu ikiwa baridi.

Nilikuwa na transista mbili tu za aina ile, halisi, nilizozing'oa kwenye amplifaya ya kanisa iliyopigwa na radi. Za dukani siku hizi nyingi ni za bandia, zina maandishi mazuri na ndani hamna kitu. Kama hizi mbili zingeungua, spika ile isingeongea siku hiyo wala wiki ile. Nikazifunga taratibu, nikachomelea vipingamizi, nikarudia kupima kila kiungo.

Saa moja kasoro dakika tano nilikwenda kuwatazama. Walikuwa wakilia kwa sauti kali, wote pamoja. Walikuwa wamelizunguka dumu kwa mkusanyiko mmoja mzito, wengine juu ya wengine. Nikashika dumu, lilikuwa bado na uvuguvugu. Nikajiambia wamelipata joto, wamelikumbatia kama mama yao. Maneno ya mke wangu niliyakumbuka neno kwa neno, kutawanyika na kurundikana. Nilichofanya ni kuyapa maana nyingine iliyonifaa. Nikafunga mlango.

Nikauingiza umeme kupitia balbu. Ikawaka nusu na haikufifia. Kwa hiyo bado kulikuwa na kosa. Nikazima, nikaanza upya kutoka mwanzo: diodi, vipingamizi, transista ndogo zinazoziendesha kubwa. Zote zilikuwa nzima. Nilitumia karibu saa nzima kabla ya kuliona. Chini ya kila transista huwa kuna kikaratasi chembamba cha maika, kinachopitisha joto kwenda kwenye bati na kuzuia umeme. Kimoja kilikuwa na tundu dogo kuliko kichwa cha sindano, na ndani ya tundu hilo chembe ya chuma. Nikakata kingine kutoka kwenye mabaki, nikafunga tena. Saa mbili na dakika ishirini nilibonyeza swichi. Balbu ikamulika, ikafifia, ukabaki uzi mwekundu kama unywele. Nikapima umeme kwenye waya zinazokwenda kwenye koni ya spika: karibu sifuri, kama inavyotakiwa. Nakiri kwamba nilitabasamu peke yangu.

Nimejiwekea kanuni, na nimeifuata kwa miaka tisa bila kuivunja. Spika yoyote niliyoitengeneza lazima ipige saa nzima ikiwa kwenye balbu, kwa sauti ndogo, kabla sijaichomeka moja kwa moja. Kanuni hiyo imeniokoa mara nyingi. Nikafungulia redio ya simu, nikaunga waya, nikakaa kwenye kigoda kusikiliza. Spika ilikuwa safi. Sauti yake ilijaza chumba, na kwa hiyo sikusikia tena kilio cha chumba cha nje.

Watu wangu wakinihurumia husema nilisahau. Sikusahau. Saa tatu hivi nilipunguza sauti ya redio nikatega sikio upande ule. Palikuwa kimya. Nikadhani wametulia. Nikaongeza sauti, nikaendelea kuhesabu dakika zilizobaki za ile saa yangu. Riziki yangu ni kusikiliza. Natambua koili inayogusa sumaku kwa kuisikia tu, kabla sijafungua skrubu hata moja. Kimya kile nilikisikia nikakielewa kinyume.

Saa tatu na dakika ishirini nilizima, nikafungua balbu, nikaenda nayo kwenye chumba cha nje.

Dumu lilikuwa baridi kama ukuta. Kulizunguka palikuwa na kilima cha manyoya. Wa juu walikuwa hai, wamefumba macho, wanatetemeka. Nilianza kuwaondoa mmoja mmoja. Chini ya safu ya kwanza walikuwa wameshakufa, bapa, wakiwa wamelowa kwa mvuke wa pumzi na kinyesi cha waliokuwa juu yao. Wengi walikuwa wamekosa hewa. Niliwapanga juu ya gunia kwa mistari ya kumi kumi. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe, kama ghalani. Mistari saba, na mmoja wa ziada. Waliobaki hai walikuwa ishirini na watano. Niliirudisha balbu kwenye soketi, nikaiwasha, nikakaa chini ya ule mwanga wa njano uliokuwa na joto la kutosha kwa mia moja.

Kisha ikanibidi niipeleke spika.

Saa saba na nusu nilikuwa chini ya turubai la msiba, nikiunga waya. Wanaume walikaa upande wao kwenye viti vya kikundi, wanawake upande wa jikoni. Katibu akachukua kipaza, akakipuliza.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Mnanisikia huko nyuma?"

"Tunakusikia mpaka tumbo linanguruma, Mwalimu!" akajibu mtani wa ukoo wa marehemu, mzee mmoja aliyekuwa amevaa gauni la bibi juu ya suruali yake, kama watani wanavyofanya. "Leo bibi atasikia mwenyewe mnavyomdanganya. Akitaja deni langu, zimeni!"

Watu wakacheka. Hata wafiwa walicheka. Sauti ilikuwa safi, ikafika barabarani. Mtu nyuma yangu akasema fundi wetu ana mkono.

Nilitazama upande wa jikoni. Mke wangu alikuwa ameinamia sufuria ya wali. Katibu alipoongea mara ya pili, aliinuka. Hakutazama spika, alinitazama mimi. Jioni iliyotangulia alikuwapo spika ilipokufa, aliuona moshi. Balbu yangu ilipopasuka alikuwapo pia, na vioo alifagia yeye. Miaka yote hii ananiona mezani, na anajua kwamba hakuna spika inayotoka nyumbani kwetu bila kupita kwenye balbu. Hesabu ile haikumchukua muda. Niliona mwiko umesimama mkononi mwake.

Hakuweza kunijia. Ibada ilikuwa inaanza, na msibani mwanamke haachi chungu kwenda kumhoji mumewe kati ya wanaume. Nilikaa kwenye kiti nikasikiliza wasifu wa marehemu mwanzo mpaka mwisho, kila tarehe, kila mjukuu, bila neno moja kupotea. Nilitamani ikatike. Haikukatika. Tukaenda kuzika, tukarudi.

Wakati wa chakula wanawake walipita na mabirika na mabeseni ya kunawisha. Upande wetu alipita yeye. Aliwanawisha sita walionitangulia, akafika kwangu. Nikanyoosha mikono.

"Imepona," akasema.

"Imepona."

"Umepimia nini?"

Alianza kumimina.

"Wamebaki wangapi?"

"Ishirini na watano."

Aliendelea kumimina. Mikono yangu ilikuwa imeshatakata, lakini alimimina mpaka birika likaisha na beseni likafurika kwenye viatu vyangu. Mzee aliyekaa kando yangu akasema kwa utani, "Shemeji, unamwosha mikono au unambatiza?" Mke wangu akamjibu, "Huyu ana uchafu mwingi, baba." Akaenda kujaza maji mengine kwa ajili ya waliofuata.

Jioni alirudi nyumbani kabla yangu. Nilimkuta chumba cha nje akiwa amepunguza duara la maboksi hadi kubwa kama sinia, ishirini na watano ndani yake. Wale wa kwenye gunia alikuwa ameshawafukia nyuma ya choo. Aliniuliza swali moja tu usiku ule.

"Hakukuwa na namna nyingine?"

Nilisema hakukuwa. Niliamini hivyo. Jibu sahihi lilinijia siku ya tatu, nikiwa nachomelea waya wa redio ya mtu. Kifaa changu cha kuchomelea ni cha wati sitini. Ndani yake kuna waya unaozuia umeme, sawa na uzi wa balbu. Ningekiunga kwenye njia ya umeme mahali pa balbu, kingezilinda transista zangu vilevile, na mita ingeniambia yaliyobaki. Nisingeuona tu ule mwanga ukififia. Kilikuwa mkononi mwangu asubuhi yote ile. Kila kitabu nilichosoma kiliandika balbu, na mimi nikafuata balbu.

Nilimweleza. Nilidhani ni haki yake kujua. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bora usingejifunza hilo," akaendelea kuchambua mchele, akiusogeza ungo karibu na uso ili aone.

Waliobaki waliingiwa na mafua. Wiki ile walikufa kumi na sita, wawili au watatu kila asubuhi, balbu ikiwa inawaka juu yao usiku na mchana. Walibaki tisa. Wamekuwa kuku wakubwa sasa, wanazurura uani, na hakuna kati yetu anayetaja kuwauza wala kuwachinja. Siku za soko mke wangu hupanda gari kwenda Kibaigwa, anapepeta mahindi ya wafanyabiashara na kulipwa kwa debe. Kupepeta hakuhitaji macho sana. Ghala analofanyia kazi liko mkabala na lile nililokuwa karani.

Kwenye mkutano wa kikundi katibu alisimama akanishukuru kwa niaba ya kaya zote sitini, wakanipigia makofi matatu. Spika bado ni nzima na imeshahudumia mazishi manne tangu siku ile. Balbu nayo ni nzima. Iko kabatini kwa mke wangu, imefungwa kwenye kitambaa, na ufunguo anao yeye.

Vifaranga themanini na saba, kwa bei ya kununulia ya shilingi elfu mbili kila mmoja: shilingi laki moja na elfu sabini na nne.